Noti Chakavu za Yeshimebet

"Umekula?"

Askale Woldeyes alikuwa ameuliza swali moja tu, tena la waziwazi: pesa zile ulizozituma Jibuti ulizipata wapi? Na Yeshimebet, upande wa pili wa kioo, mkono wa simu sikioni, anamjibu kwa habari ya chakula.

"Nimekula. Sasa nijibu."

"Umekula nini, Etiye, dada yangu?"

"Yeshi, usinichezee. Askari yule pale ananitazama kama nimemwibia kuku. Akinyanyuka, mazungumzo yamekwisha. Madam wako anasema droo yake imekutwa tupu, dirham elfu kumi na mbili hazipo. Asubuhi hiyohiyo wewe umekwenda kutuma karibu kiasi hicho. Mshahara wako naujua. Mwendesha mashtaka naye anaujua. Kwa hiyo nieleze."

Yeshimebet alishusha macho. Alikuwa mpishi wa nyumba moja ya Jumeira, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika hadi mtaa wa pili. Leo uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, na hakumtazama Askale hata mara moja.

"Sikuiba," alisema.

"Hilo nalijua. Nipe la kumwambia mwingine."

"Subirini Jumapili. Jumapili ikipita nitasema yote, mbele ya yeyote mtakayemtaka."

"Leo Jumatano. Faili lako linapanda mahakamani leo alasiri. Likishapanda, utakaa humu miezi kabla jaji hajakuona, na ukitoka unapelekwa moja kwa moja uwanja wa ndege. Mama yako na wanao watakula nini?"

Yeshimebet alijifuta pua kwa kiganja. "Siyo maneno ya kusemwa kwenye simu ya kioo."

"Wanasikiliza?"

"Siyo hao." Ndipo akainua macho, na Askale, ambaye katika polisi ya Dire Dawa, mji wa kwao, alikuwa amehoji wezi, wauaji na mapadri wawili, hakuweza kuusoma uso ule. Haukuwa uso wa mtu anayejiogopea. "Etiye, nenda mkahawani kwa Etaferahu ukale. Tafadhali."

Askari alinyanyuka.

Nje, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Ustadhi Nadim, wakili Mmisri ambaye Askale alimfanyia kazi ya upelelezi na ukalimani, alikuwa ndani ya gari, kiyoyozi kikinguruma, anakula biskuti.

"Enhe, Mama Surafel? Amesema?"

"Amesema nikale."

"Na mimi ningesema hivyohivyo, umekonda." Aliwasha gari. "Sikiliza. Mwendesha mashtaka ana jambo jipya. Anauliza, Mhabeshi akituma pesa si anatuma kwao? Huyu ametuma Jibuti, kwa mwanamume anayeitwa Waberi, wakala wa mizigo bandarini. Nani asiyejua boti zinazovusha watu kwenda Yemen zinatoka wapi? Ataongeza shtaka la pili. Wizi peke yake ni mzigo. Wizi na kusafirisha watu ni jiwe la kaburi."

"Na tukionyesha pesa zilitoka kwingine?"

"Wizi unaanguka. Lakini sitaki hadithi, nataka mtu mwenye jina, aje asaini kabla ofisi haijafungwa. Saa nane wanafunga."

"Nishushe Naif."

Duka la kutuma pesa la Naif lilikuwa tupu. Siku za mishahara zilikuwa bado. Nyuma ya kioo alikaa Sajeev, Mhindi wa Kerala, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amezipitisha mkononi senti za nusu ya Wahabeshi wa Deira. Alisoma barua ya Ustadhi mara mbili, akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Polisi nimeshawaeleza," alisema.

"Wamekuuliza alituma kiasi gani na kwa nani. Mimi nakuuliza noti zilikuwaje."

Sajeev alifikiri. "Chafu. Chakavu kabisa. Mashine ya kuhesabu ilizitema, nikahesabu kwa mkono. Tano tano, kumi kumi, ishirini. Nyingine zimekunjwa vidogo vidogo, unajua, zile wanazoficha wanawake kifuani. Nilipomaliza, vidole vilinuka pilipili na ubani."

"Hapakuwa na noti kubwa? Mpya?"

"Hata moja."

Askale alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Madam, katika malalamiko yake, alikuwa amesema kwa kiburi kabisa kwamba pesa zake zilitoka benki wiki hiyo, noti za mia tano, bado zimefungwa utepe. Mwizi haibi noti mpya akaenda kuzibadilisha sokoni kwa noti zinazonuka pilipili. Noti za Madam alikuwa nazo mtu mwingine, labda palepale nyumbani kwake, na hilo lingefuatwa kwa siku yake. Za Yeshi zilitoka mikononi mwa watu wengi, tena maskini. Zilikuwa mchango.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Sheria ya hapa hairuhusu kuchangisha bila kibali, hata kwa jambo jema, na kibali hapewi mpishi wala yaya. Wanawake walichanga vivyo hivyo, jikoni na ngazini, na pesa zikakabidhiwa mwenye kitambulisho halali cha ukaazi, kwa kuwa wengine hawakuwa nacho. Yeshi alikuwa nacho. Ndiyo maana jina lake ndilo lililokaa kwenye karatasi.

"Alikuja peke yake?"

"Alikuja na mama mmoja mnene, yule wa mkahawa wa Hor Al Anz. Amesimama pale mlangoni, analia tu. Nikadhani amefungiwa leseni." Sajeev alimrudishia barua. "Na kijana wako hajambo? Mwezi huu hujamtumia kitu."

"Simu yake imeibiwa njiani. Madereva wa malori, kila kituo wanaibiwa. Mdogo wangu amesema nisitume mpaka apate namba mpya."

"Msalimie."

Askale alitembea hadi Hor Al Anz, kwa sababu akili yake ilifanya kazi vizuri zaidi miguu ikienda. Mchango, na mwanamke analia. Wazo la boti za Yemen bado lilimkera: yawezekana wanawake walikuwa wanamlipia msafirishaji amvushe binti wa mtu, na kweli ingekuwa balaa. Lakini msafirishaji analipwa kwa woga, halipwi kwa machozi. Machozi na ubani ni msiba. Kuna Mhabeshi amefia Jibuti, na maiti inagharimiwa kurudishwa kwao.

Basi mbona kimya? Hilo nalo lilikuwa na jibu, na Askale alikuwa nalo tangu utotoni. Kwao habari ya kifo haitumwi kwa simu. Mfiwa hufichwa. Watadanganya ndugu, watadanganya majirani, watasema mtandao mbovu, hata wiki nzima, mpaka watu wakusanyike na padri apatikane. Kisha alfajiri mnakwenda wote mlangoni kwake, ili akianguka awepo wa kumdaka. Askale mwenyewe alikuwa amekwenda alfajiri za namna hiyo zaidi ya alizoweza kukumbuka. Kazi ya kugonga mlango walimpa yeye, kwa kuwa mkono wake hautetemeki.

Jumapili, alikuwa amesema Yeshi. Jumapili alfajiri, basi. Kuna mtu hapa Deira amefiwa naye hajui, na Yeshi amekubali kuozea ndani kuliko kulivunja hilo. Askale alisikia hasira. Mila ni mila, lakini mwanamke ana watoto. Angemtaka Etaferahu amtaje mfiwa, angemfuata huyo mfiwa leo hii, angempa habari kwa upole kadiri ilivyowezekana, kisha angempeleka akasaini.

Mkahawa wa Etaferahu ulikuwa na wanawake kumi na kitu, saa ambayo kwa kawaida wangekuwa makazini. Waliacha kuzungumza Askale alipoingia. Si kuacha kidogo kidogo. Waliacha kama redio iliyong'olewa waya. Mmoja alinyakua sufuria mezani akakimbia nayo jikoni, lakini si kabla Askale hajaona kilichomo: ngano na dengu za kuchemsha, chakula cha matanga. Wengine walizishika shuka zao nyeupe, wakazigeuza upesi. Pindo la rangi lililokuwa shingoni, alama ya kufiwa, likarudi chini miguuni.

"Msisumbuke," alisema Askale. "Nimeshaona."

Etaferahu alitoka jikoni, mwanamke mnene, macho mekundu. "Karibu, Etiye. Kaa. Kuna mchuzi wa shiro, kuna mboga, leo tunafunga nyama. Kula kwanza."

"Kila mtu leo ananilisha. Yeshi yuko ndani kwa sababu ya mchango wenu, na mnapika."

"Kula, halafu tutazungumza."

"Tutazungumza sasa. Faili linapanda leo."

"Leo?" Etaferahu alishika kiti. "Tuliambiwa wiki ijayo."

"Aliyewaambia ni mjinga. Saa nane wanafunga. Mlimchangia maiti aliyeko Jibuti, sivyo? Waberi ni wakala, amelipa chumba cha maiti na gari, mmemrudishia. Usitikise kichwa, Etaferahu, huna uso wa kudanganya. Sikulaumu. Najua mnaogopa faini, najua wengine hamna karatasi. Sihitaji majina yenu. Nahitaji jina moja tu, la mfiwa. Nani hajaambiwa?"

Mwanamke mmoja kijana, Tirhas, anayefua nguo kwa Waajemi, alianza kulia kwa sauti ya chini, na wa jirani yake akamfinya.

"Mnamwogopa nani?" Askale aliuliza. "Ni mimi. Misiba yenu mingapi nimeibeba? Zewditu alipofiwa na mume, nani aligonga mlango? Mama yako wewe, Tirhas, nani alikushika? Na kila mchango, wa kwanza kugongewa si mimi? Mnaniamsha hata..."



Alikuwa na tabia hii tangu Dire Dawa: neno likimkwama, huligeuza kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Kila mchango alikuwa wa kwanza kugongewa. Mchango huu hakugongewa. Watu wa Deira walikuwa wametoa mpaka noti za kifuani, mpaka za tano tano, na hakuna hata mmoja aliyekuja mlangoni kwake kumwambia, toa na wewe.

"Kwa nini mimi sikuchangishwa?" aliuliza.

Etaferahu alijifunika uso kwa mikono.

Mganga hajigangi. Mengine yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine, na hakuwa na namna ya kuyazuia. Jibuti, bandari, malori. Simu iliyoibiwa. Mdogo wake aliyesema usitume kitu. Na jambo dogo kuliko yote, ambalo sikio lake la polisi lilipaswa kulinasa asubuhi: Yeshi, ambaye miaka yote alimwita Mama Surafel, leo alimwita Etiye, akilikwepa jina la mtoto. Humu ndani nako, Etiye. Ustadhi, aliye Mmisri na asiyejua kitu, ndiye pekee aliyemwita Mama Surafel siku hii.

"Lini?" alisema.

"Mama Surafel..."

"Sasa unaniita. Lini?"

"Alhamisi iliyopita," alisema Etaferahu. "Karibu na mpaka wa Galafi, upande wa Jibuti. Lori lilipinduka. Wamesema hakuteseka."

"Husemwa hivyo. Nimesema hivyo mimi mwenyewe milangoni mwa watu." Akakaa, na wanawake wote wakainuka kwa pamoja, mikono tayari, maana ndiyo kazi waliyojiandaa kuifanya Jumapili, na imewakuta Jumatano. Wa kwanza akapaza kilio.

"Hapana," alisema Askale. "Nyamazeni. Mkilia hapa jirani ataita polisi, na nusu yenu hamtarudi nyumbani."

Walinyamaza. Ilikuwa amri ya kikatili na alijua. Alikuwa na mtoto mmoja tu. Alimwona mara ya mwisho uwanja wa ndege wa Dire Dawa, kijana mrefu anayejifanya halii, na sasa hakuruhusiwa hata kumlilia kwa sauti, kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa inakwenda na mwanamke mwingine, mwenye watoto hai, alikuwa nyuma ya kioo kwa ajili ya kijana huyo.

"Amezikwa?"

"Bado. Waberi anasema gari litaondoka wiki hii. Karatasi ya hospitali ameituma, ninayo kwenye simu. Ina jina lake, ina muhuri."

"Nipe."

Aliisoma. Surafel Tesfahun, dereva. Aliisoma kama alivyosoma karatasi za maiti wa wengine: jina, tarehe, muhuri, saini. Haikuwa na kasoro. Alitamani iwe na kasoro kuliko alivyopata kutamani kitu chochote maishani mwake.

"Inafaa," alisema. "Sasa anahitajika wa kusema alikusanya. Mimi nitasema msiba ni wangu, lakini wataniuliza pesa zilifikaje kwa Yeshi, na sikuwepo."

Wanawake walitazamana. Kusema ni kujitia kitanzi. Kila mmoja alilijua hilo.

Etaferahu alivua aproni. Alizima jiko, akachukua leseni ya mkahawa iliyokuwa ukutani, akaitazama kidogo, akaitia mkobani. "Nilikusanya mimi," alisema. "Peke yangu. Wengine hawa walikuja kula tu. Mmesikia nyote? Mlikuja kula shiro."

"Watakufungia."

"Wafunge. Nilikula kiapo Yeshi hatalala ndani kwa ajili ya mchango, na siku zote hizi nimekaa tu. Twende."

Mlangoni Askale alisimama. Alifungua mkoba, akatoa shuka yake nyeupe aliyoichukua kila siku kwa ajili ya baridi ya ofisi za watu, akajifunika, pindo la rangi shingoni. Tirhas akamsaidia kuiweka sawa.

Alimpigia Ustadhi. "Nimepata chanzo. Njoo Hor Al Anz na gari."

"Chanzo gani, Mama Surafel?"

"Msiba."

"Wa nani?"

"Njoo na gari, Ustadhi."

Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa na baridi kama chumba cha nyama. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye kanzu nyeupe iliyonyooka, alisikiliza bila kukatiza. Alisikia habari ya noti chakavu na noti za utepe, akaandika kumbukumbu, akaagiza Sajeev aitwe. Alimsikia Etaferahu, akamweleza kwa utulivu kabisa kwamba aliyoyasema ni kosa, litafunguliwa faili lake, na kwamba asisafiri. Etaferahu aliitikia kwa kichwa, akatoa leseni mkobani na kuiweka mezani kabla hajaambiwa.

Yeshimebet aliletwa kusaini maelezo. Aliingia ameshikwa mkono na askari wa kike, akamwona Askale, akaona pindo liko wapi. Alikaa palepale sakafuni.

"Nani amekuambia?"

"Nimejiambia mwenyewe."

"Nilitaka uambiwe nyumbani kwako, Mama Surafel. Na watu. Ningekuambiaje pale, na kioo katikati? Ungeanguka, nani angekushika?"

"Najua," alisema Askale. "Simama. Saini, utoke ukawalishe wanao."

Ilibaki saini ya shahidi wa mwisho. Mwandishi wa ofisi alikuwa mzee wa mjini humo, Abu Saqr, ambaye alikuwa amemwandikia Askale maelezo ya wateja wake tangu ofisi ilipokuwa jengo la zamani. Alivuta kibodi, akavaa miwani.

"Haya, Mama Surafel, tumalize, naona leo huna raha. Jina lako kamili ninalo. Kazi ninayo. Jina la marehemu?"

Askale alimsukumia simu yenye karatasi ya hospitali. Mzee aliinama, akaanza kuandika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Katikati ya jina kidole kilisimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma upya. Ustadhi Nadim alikuwa amegeukia dirishani.

Kisanduku kilichofuata kwenye fomu kilipaswa kujazwa, na kiliulizwa kila shahidi, na hakuna karatasi ingepita bila hicho. Mzee alikiuliza kwa sauti ndogo, bila kuinua uso.

"Uhusiano wako na marehemu?"

"Si ndivyo unavyoniita kila siku?" alisema Askale. "Andika hivyohivyo."